Libero atsi komyuniti koleji: usimgunie mtoto, muulize anahamia wapi

Huku Marekani kwenye sherehe zetu swali halikosi, kijana unasomea nini, akijibu libero atsi (liberal arts, masomo ya jumla ya lugha, jamii na sayansi) au jenero stadizi (general studies) pale komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, basi wazee wanaguna, wanamwambia bora angeenda unesi au achukue leseni ya malori. Sisi tuliosoma Tanzania hata jina linatuchanganya, maana hiyo jenero stadizi, GS, tunaijua ni lile somo la nyongeza la form five na six, nani anaenda chuo kusomea GS?

Mi nakubaliana nao nusu tu. Tuanze na hela. Ada ya komyuniti koleji kwa mkazi wa eneo ni wastani wa kama dola 4,000 kwa mwaka, chuo kikuu cha umma ndani ya jimbo inapita 11,000. Kama kipato cha nyumbani ni kidogo na mtoto ana grini kadi, Pell Grant, msaada wa serikali ya Marekani usiorudishwa, ambayo 2024/25 ilikuwa inafika mpaka dola 7,395 inaweza kumaliza ada yote na ikabaki ya vitabu. Halafu masomo yenyewe, Kiingereza cha kuandika, saikolojia, takwimu, historia, ndio hayohayo wanasoma mwaka wa kwanza na wa pili chuo kikuu, na hata huo unesi mnaousifia mara nyingi unayadai baadhi yake. Mtoto katoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ana miaka 17, maabara hajawahi kuiona, unamlazimishaje achague fani wiki ya kwanza?

Ila kuna upande unaonitisha kweli. Wanaoanzia komyuniti koleji, karibu theluthi moja tu ndio wanahamia chuo cha miaka minne, na wanaoishika digrii ya chuo kikuu ndani ya miaka 6 ni kama 16 kati ya 100. Na kuhama kwenyewe kuna mtego, mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya serikali, GAO, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza wastani wa asilimia 43 ya krediti zao, yaani zile pointi za masomo waliyokwisha kufaulu. Nyingine zinapokelewa vizuri tu, unafurahi, kumbe zimeingia kama masomo ya kujazia, kwenye meja yako, yaani fani unayosomea, hazihesabiki, unarudi kusoma upya wakati Pell ina kikomo cha semista 12 maisha yako yote, na kama ulizitumia kwenye madarasa ya ESL, Kiingereza cha wageni, ndio zimeshaenda hizo.

Jina la cheti nalo liangaliwe. Libero atsi mara nyingi imepangwa kwa ajili ya kuhama, jenero stadizi vyuo vingi sio hivyo, ni krediti 60 za kuchanganya, na mtoto anaweza asijue tofauti mpaka siku anaomba chuo. California wamejitahidi, tangu sheria ya 2010 wana digrii maalum ya kuhamia inayokuhakikishia nafasi kwenye vyuo vikuu vya umma vya mfumo wa Cal State. Kwenye baadhi ya majimbo mengine unajitafutia mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya semista ya pili mtoto awe na jina la chuo na jina la meja, aende kwa mshauri wa masomo wa hicho chuo anachohamia, sio wa hapo alipo tu, aandikiwe somo kwa somo linaingia wapi. Akishindwa kukuonyesha hiyo karatasi, hapo guna.