Barabara Imepanda, Sebule Imekuwa Pango

Marehemu babu hakujenga chumba cha chini ya ardhi. Hapa Majengo nani ana mambo hayo? Alijenga sebule kama sebule, na vidaraja viwili vya kupandia. Ukikaa barazani unamtazama mpita njia kwa juu. Kisha wakaja watu wa barabara. Hawa hawana habari ya kukwangua lami ya zamani: wanamwaga juu yake, wanashindilia, wanakwenda zao. Wakarudi tena, vivyo hivyo. Leo kuingia kwangu nashuka. Nikikaa kochini naona miguu tu dirishani, na majirani nawajua kwa ndara zao. Yule wa ndara za buluu ananidai. Akipita, nazima tivii.

Sasa mama watoto ametoa amri: kabla mdogo wake hajaolewa, sakafu ibadilishwe. Ile simenti nyekundu ya babu imepasuka, na masika yakiingia inatoka madoa meusi, mpaka kijana wangu wa gredi ya nne ananionyesha pale Ziwa Turkana, pale Viktoria. Na kweli vinafanana.

Yakhe, mwenye duka ukimwambia sakafu yako ina unyevu na mfuko wako ni mkavu, hasikii hata moja. Wa kwanza akanivutia mbao za kubana, zile za laminati, nzuri wallahi, utadhani uko hoteli ya ufukweni. Nikauliza, ni mbao hizi? "Ni kama mbao." Ndani mna unga wa mbao ulioshindiliwa, na unga huo ukinywa maji unaumuka, haurudi tena. Akanituliza, "Usijali mzee, juu haipitishi maji." Bwana wee, maji yangu yanatoka chini! Akatabasamu, akanionyesha rangi nyingine.

Jirani yeye kauli yake ni moja: kapeti ya plastiki, ile ya kukatwa kwa mita. Rahisi, unaipiga deki, imekwisha. Kwake yeye anayekaa ghorofani, sawa. Kwangu mimi unyevu ukikosa pa kutokea utajikalia chini ya plastiki, ukungu uote, na harufu ile hata udi hauiwezi.

Fundi mzee ndiye aliyesema neno. Akachukua kipande cha nailoni, akakibandika sakafuni kwa selotepu pande zote nne, kilale hapo mpaka kesho. Asubuhi mama mkwe akaona maji, akaanza kulaumu watoto. Akapangusa. Akapangusa tena. Maji hayaondoki, yako upande wa pili wa nailoni! Matone tele, kama jasho la mpishi wa biriani.

Fundi akanieleza: nyumba za zamani chini ya zege hawakutandika nailoni nzito, basi unyevu unapanda kutoka ardhini kupitia simenti na jiwe la matumbawe, na unapopanda unakuja na chumvi. Ndiyo ile nyeupe inayomenya rangi ya ukuta mpaka usawa wa goti, nami kila Ramadhani napaka upya. Dawa yake? Kuvunja sakafu yote, kutandika nailoni, kumwaga zege jipya. Akataja bei. Nikamuuliza dawa ya maskini. Akasema tupake simenti ya kuzuia maji, tupandishe kidogo ukutani, juu yake vigae. Unyevu utatafuta njia kwengine, lakini kigae cha udongo wa kuchomwa hakiozi wala hakivimbi.

Haya, vigae. Sebule ni mita 3 kwa 4, yaani mita 12 za mraba. Kigae cha sentimita 40 kwa 40, vinaingia 75, na fundi anataka kama 8 vya kukata na kuvunja, maana yeye kuvunja ameshakutia hesabuni. Bei iliyobandikwa dukani ni ya kigae peke yake. Gundi haimo, grauti ya kujazia mianya haimo, skatingi ya kuzungushia chini ya ukuta haimo, chai ya fundi haimo, na mlango lazima ukatwe chini kwa sababu sakafu inapanda. Kila kitu mtaa huu kinapanda isipokuwa mshahara.

Mama watoto kachagua vyeupe vya kung'aa. Nikamwambia, mwanamke, tunaingia kwa kushuka, nje kuna matope, na bibi yako ana miaka themanini: atateleza kutoka mlangoni mpaka jikoni. Tukasuluhishwa na mwenye duka, tukaishia vya rangi ya mchanga, vyenye mkwaruzo kidogo.

Katoni zimefika. Fundi kasoma pembeni, kila katoni ina namba ya rangi, na moja namba yake mbali. Ukivitazama jua likiwa kali, ni mchanga wa ufuko wa Nyali na mchanga wa mtoni. Dukani wanasema kilichotoka hakirudi. Nimemwambia fundi hivyo viende chini ya kochi, na kochi lisisogezwe mpaka bi harusi aondoke.