Ruta pepe za maabara: ziwake kwa zamu au kwa mkupuo?

Mwalimu mwenzangu wa mitandao kule Iringa hataki kusikia habari ya kuchelewesha ruta pepe, yaani ruta za programu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta moja. EVE-NG, programu ya kujengea maabara za namna hii, ina sehemu ya kuandika sekunde ambazo kila ruta isubiri kabla ya kuwaka, na Containerlab, programu nyingine ya kazi hiyo, nayo inayo. Yeye huacha sifuri kwa zote. Kipindi ni kifupi, anasema, kwa nini tujicheleweshe wenyewe?

Penye seva kubwa yuko sahihi. Lakini wengi wetu hapa Mbeya tunafundishia kompyuta moja ya mezani au seva ya mtumba. Ruta pepe hula prosesa zaidi wakati wa kuwaka, kisha hutulia. Ukiwasha kumi kwa mkupuo, zote zinagombea prosesa na diski ileile, na darasa zima linakodolea macho skrini. Kuzipanga kwa zamu hakupunguzi jumla ya kazi, nakubali. Ila mwanafunzi anaanza kuweka anwani kwenye ruta ya kwanza, R1, huku ya sita, R6, bado inawaka. RAM nayo inapata nafuu: CSR1000v moja tu, ruta pepe ya Cisco, hudai GB 4, na KSM, sehemu ya Linux iliyoingia mwaka 2009, huunganisha kurasa za kumbukumbu zinazofanana, lakini huifanya kazi hiyo taratibu. Zamu inaipa muda.

Kinachonisumbua zaidi ni OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kuambiana njia za mtandao. Unganisha ruta nne za Cisco kwenye swichi moja, lazima zichague DR, ruta kiongozi ambayo nyingine hupatana nayo taarifa. Mwanafunzi amesoma kwamba mwenye kipaumbele kikubwa ndiye anayeshinda. Anaipa R4 kipaumbele 200, anahifadhi, anazima, anawasha upya, na DR anakuwa R2. OSPF ikianza, ruta husubiri sekunde 40, muda uleule wa kawaida wa kuhesabu kwamba jirani amekufa, ione kama kuna mwenzake. Muda ukiisha kimya, inashika nafasi yenyewe. DR akishakaa, hang'olewi na anayekuja nyuma, hata awe na kipaumbele gani. R4 ilichelewa kwa kuwa seva ilielemewa, basi. Kwa mwanafunzi wa meza ya pili R4 iliwahi, jibu likawa jingine. Usanidi mmoja, majibu mawili, na kijana anafuta kazi iliyokuwa sahihi. Hilo linaniuma, maana anayekata tamaa mara nyingi ni yule aliyesoma kwa makini.

Nikiweka zamu, R4 inatangulia na nyingine zinafuata. Zikifika ndani ya sekunde 40, kipaumbele kinaibeba; zikichelewa zaidi, zinaikuta imeshakaa. Siku nyingine naiweka ya mwisho makusudi, darasa lione kwamba kipaumbele hakimng'oi aliyetangulia.

Wapinzani wana hoja mbili nzito. Ya kwanza, sekunde ni makisio: zilizofaa kwenye mashine hii zitakuwa chache mno au nyingi mno kwenye ile. Kweli, na ndiyo maana Containerlab inaruhusu ruta isubiri mpaka nyingine iripotiwe kuwa nzima. Pale picha ya ruta, yaani faili lenye mfumo wake, inapoweza kutoa ripoti hiyo, njia hiyo ni bora kuliko kuhesabu sekunde.

Ya pili ni kwamba umeme ukirudi baada ya kukatika, ruta halisi hazipangi foleni. Hii ndiyo inayorudiwa sana, nami naiona dhaifu. Kila ruta halisi ina prosesa yake na RAM yake. R2 kuwaka hakuinyimi R4 chochote. Mkupuo ndani ya seva iliyoelemewa hauigi hali hiyo. Unaonyesha ruta zikinyang'anyana mashine moja, jambo ambalo fundi hatalikuta kwenye mnara wa Tukuyu wala Makambako. Anayetaka kufundisha kurudi kwa umeme azime ruta nne tu, kiasi ambacho seva yake inakimudu bila kuhema, kisha aziwashe pamoja.

Kwa maabara nzima, ninaangalia matumizi ya prosesa ruta moja ikiwaka, nahesabu sekunde mpaka yashuke, na hizo ndizo ninazoandika kati ya ruta moja na inayofuata. Nikihamia seva nyingine, napima upya.