Koo langu lilivyoniumbua

Nilipoanza uzamivu wangu juu ya bakteria wa homa ya uti wa mgongo, nilidhani kazi itakuwa kuwaogopa. Kumbe kazi ni kuwabembeleza. Kiumbe anayeweza kumuua mtu ndani ya siku moja, ukimsahau nje ya inkubeta anakufa yeye. Anataka nyuzi 37, anataka kabonidioksaidi asilimia 5, anataka agari (jeli ya kuoteshea bakteria) ya chokoleti (ambayo, kwa masikitiko yangu, haina chokoleti, ni damu iliyopashwa moto ikawa ya kahawia). Miezi mitatu nilimlea hivyo, na kila Jumatatu nilikuta msiba.

Ikafika siku ya kujaribu njia ya kuchukua sampuli kooni. Ikatakiwa kontroli hasi, yaani koo lisilo na kitu. Nikajitokeza kifua mbele: "Chukueni langu, mimi nimechanjwa!" Mwenzangu akanichokoa kwa kijiti cha pamba, nusura nimtapikie viatu.

Baada ya siku mbili nikafungua inkubeta. Sahani za bakteria wangu wa thamani: ukame. Sahani ya koo langu: bustani! Makoloni, yaani vishada vya bakteria, ya kijivu, laini, yanang'aa, tena kwenye agari iliyotiwa antibiotiki za kuzuia vijidudu vingine vya kooni. Nikapima oksidesi, kimeng'enya alichonacho yule muuaji, ikageuka zambarau: kipo. Nikatazama kwa darubini: wekundu, wawili wawili, kama punje za kahawa zilizotazamana.

Ndizo sifa za yule muuaji! Nikakaa chini. Nikajishika shingo, imekakamaa! (Nilikuwa nimeinamia darubini tangu asubuhi, lakini hilo sikulikumbuka.) Taa nayo ikaanza kuniumiza macho. Dalili zote hizo. Nikampigia mke wangu nimwachie namba ya siri ya benki.

"Umekula lakini?" akaniuliza.

Nikamkimbilia Profesa na sahani yangu. Akaitazama, akanitazama. "Karibu mtu mmoja katika kila kumi anaye kooni na wala haumwi. Si wewe uliyeandika hivyo ukurasa wa kwanza wa pendekezo lako?"

Ni mimi.

Tukampima bakteria huyo kwa sukari. Akala glukosi, akala maltosi, akamalizia na laktosi. Hapo akajiumbua, maana yule muuaji laktosi haigusi. Huyu wangu alikuwa Neisseria lactamica, binamu yake mpole anayependa makoo ya watoto wadogo. Na mimi nyumbani nina wa miaka miwili, ambaye hunilisha kwa upendo biskuti aliyokwisha kuitafuna nusu.

Profesa akaamuru atunzwe. Yumo kwenye friza, nyuzi 80 chini ya sifuri, kwenye kichupa chenye herufi za jina langu. Wanafunzi wapya wakitaka kontroli chanya ya kipimo cha laktosi, yaani bakteria anayejulikana kuwa anaila, huwasikia wakipigiana kelele kutoka chumba hadi chumba:

"Jamani, koo la kaka nani kalimaliza?"