Mjusi Amefuta Somo

Andalio langu la somo limerudi tena. Mara ya tatu wiki hii. Wino mwekundu wa mwalimu mkuu: "Onesha kila mwanafunzi atakavyoshiriki kwenye ubao janja," ule wa umeme unaoguswa kwa kidole. Kila mwanafunzi! Darasa la Tano ninao 104. Nikimpa kila mmoja nusu dakika ya kugusa, ni dakika 52, na kipindi ni dakika 40. Hamsini na mbili juu ya arobaini ni sehemu guni, ya juu imeizidi ya chini, na ndiyo mada yenyewe, kwa hiyo labda mkuu ananisaidia kufundisha.

Mimi ni mtu wa chaki, miaka 18 sasa. Chaki haiombi nywila, haiishiwi uniti, na ikivunjika unapata mbili. Sehemu nilikuwa nafundisha kwa chungwa. Unakata vipande vinne, kengele ikilia unakula robo. Siku hizi chungwa liko ubaoni, watoto wanaburuta vipande kwa kidole, halafu tunatoka wote na njaa.

Kijana wa semina alituambia mbao hizi zilianza kuuzwa Kanada mwaka 1991. Mwaka huo mimi nilikuwa darasa la pili, naandika herufi mchangani kwa kidole. Kumbe nilikuwa mbele ya wakati, wakanicharaza kwa kuchafuka.

Sasa Jumanne kaja mdhibiti ubora. Nimepiga pasi shati la mikono mirefu, heshima imenijaa. Fremu ya ubao wetu ina miale isiyoonekana, kitu chochote kikiikatiza, ubao unajua ni kidole. Naandika robo tatu, kifungo cha mkono kinachora kiduara pembeni ya nne. Tatu juu ya arobaini. "Mwalimu, umekoseaaa!" Mdhibiti kainamia daftari lake.

Nikakunja mikono ya shati. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa kanga ili picha ionekane, basi mwanga wa ubao ukaita wadudu, wadudu wakamwita mjusi. Huyu mjusi namjua. Ameishi dari ile tangu enzi za ubao mweusi na hajawahi hata siku moja kupenda Hisabati. Akashuka mbio, mstari mwekundu nyuma yake, akalikata chungwa langu katikati. Watoto wakashangilia. Nikamfukuza kwa rula, rula nayo ikachora! Akasimama kwenye alama ya pipa la taka. Ubao ukauliza kwa Kiingereza kama tufute kila kitu. Nikasema, "Wewe, usi—" Akakanyaga ndiyo.

Kazi ya usiku wa siku mbili, imefutika. Kwa bando langu.

Nikachungulia daftari la mdhibiti. Kaandika: "Ubao unatumika."

Nicheke au nilie? Naandaa somo la ubao, halafu naandaa lingine la umeme ukikatika, na mshahara ni ule ule wa somo moja! Uniti zikiisha mchango ni wetu, elfu mbili mbili kila mwalimu, na anayekusanya ni yule jirani yangu wa ofisini aliyenikopa elfu tano tangu Februari. Nimemwambia akate humo humo. Anasema mchango ni mchango, deni ni deni, havichanganywi. Kisha kanyoosha mkono.

Naye anafundisha Hisabati.