Chomoa Waya wa Grinda Kwanza

Jumamosi iliyopita nilifika gereji moja hapa Mwanga, Kigoma, nikamkuta fundi ameshachora mstari wa chaki kwenye chuma kinachobeba injini ya Datsun 240Z. Grinda ilikuwa sakafuni, waya umeshachomekwa ukutani. "Bosi, nikikata hapa na hapa, injini ya Toyota Chaser inakaa yenyewe," akaniambia, kwa furaha ya mtu anayeipenda kazi yake. Mpwa wangu alikuwa pembeni na simu mkononi, tayari kurekodi. Niliwaomba wachomoe waya kwanza tuongee. Tumeongea wiki nzima sasa, na yapo mambo ambayo bado hatujakubaliana.

Gari hilo lilikuwa la baba mkubwa, mtumishi wa reli. Alilinunua mkononi mwa mtu Tabora mwaka 1978, likaletwa juu ya behewa la mizigo mpaka hapa Kigoma, mwisho wa reli. 240Z zilianza kutoka kiwandani mwishoni mwa 1969. Zina milango miwili, boneti ndefu, na injini iitwayo L24 yenye silinda sita kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393 na kabureta mbili. Katika mji ambao wakati ule magari mengi yalikuwa Land Rover na malori, watoto wa mtaa wa Lumumba tulikuwa tunalikimbilia likipita.

Kilichomfanya baba mkubwa alitake gari hilo ni redio. Mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, alikuwa akiyafuatilia usiku na mchana. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na wa pili akawa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye ndani ya 240Z. Mwaka 1973 Mehta akashinda akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS. Hiyo ya kulingana pointi baba mkubwa aliisimulia mpaka tukaijua kwa moyo, na kila mara aliishia kwa kusema: "Barabara zetu hizi hizi, mwanangu. Vumbi letu hili hili."

Hoja za mpwa wangu nazichukulia kwa uzito, kwa sababu hazitokani na utoto. Anataka tufunge 1JZ yenye turbo, yaani hiyo injini ya Chaser, ile ya lita mbili na nusu ambayo Toyota iliitaja kuwa na nguvu za farasi 280. L24 ilipokuwa mpya ilikuwa na kama 150. Fundi wa Toyota unampata Ujiji, unampata Kasulu, hata njiani ukiharibikiwa. Fundi kijana wa leo ukimfungulia kabureta mbili zinazotakiwa kuvuta sawasawa, anakuangalia tu. Na gari hili lilisimama nyuma ya nyumba tangu 2009, kuku wakitagia kwenye kiti cha abiria. "Mjomba," akaniambia, "gari lisilowaka unalitunzia nini?"

Halafu akanipiga na hoja ambayo kwa mtu wa Kigoma ni nzito kuliko zote. "Mbona meli ya Liemba ilitolewa injini za mvuke ikafungwa dizeli, na bado ni Liemba?"

Nililala na swali hilo. Ni kweli. Meli ile ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande ndani ya makasha, ikaunganishwa hapa na kuingia majini mwaka 1915. Miaka ya 1970 injini za mvuke zikaondolewa. Hakuna mtu wa Kigoma aliyelia kwamba meli imeharibiwa, na mimi nisingelia. Vijiji vya mwambao mpaka Mpulungu kule Zambia vilikuwa vinaisubiri na mizigo, wagonjwa na dagaa. Meli yenye watu wanaoisubiri bandarini inastahili injini itakayoifikisha.

240Z haisubiriwi na mtu bandarini. Haibebi mgonjwa wala gunia. Kazi yake yote ni kuwa vile ilivyo: sauti ya zile silinda sita, mvuto wa kabureta mbili unapopandisha kutoka stesheni kuelekea Mwanga, giaboksi inayokutaka uisikilize. Ukiitoa L24 ukaweka ya Chaser, unabaki na umbo la Datsun juu ya gari ambalo Kigoma tunalo tayari, tena mengi.

Lakini katika historia hiyo hiyo ya Liemba kuna jambo mpwa wangu alilisahau. Julai 1916 Wajerumani walipoona mji unaponyoka, waliizamisha wenyewe, ila kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito. Walifikiria siku ya kuirudia. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini zile zilifaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mafundi wale walikuwa katikati ya vita na bado hawakufunga njia ya kurudi. Ndicho ninachomwomba fundi wangu. Chochote kinachofungwa kwa bolti tunaweza kujadiliana, kwa sababu mtoto wa mpwa wangu anaweza kukifungua. Chuma kikishakatwa, yeye hana la kuchagua tena.

Najua maumivu ya kukata kwa sababu yako ndani ya gari lenyewe. Miaka ya 1980 baba mkubwa alilipeleka Dar es Salaam, akaweka redio kubwa ya kaseti iliyokuwa gumzo wakati ule. Haikuingia kwenye nafasi yake, fundi akachukua msumeno akakata dashibodi. Redio iliharibika baada ya miaka michache. Tundu liko mpaka leo, kingo zake zimepasuka kwa jua. Nilikuwa darasa la tano nilipomuuliza pale kulikuwa na nini. Alipaweka kiganja na kusema, "Pale niliharibu." Tangu hapo niligundua kwamba akiendesha, mkono wa kushoto ukitoka kwenye gia, ulikuwa unakwenda kulifunika lile tundu.

Kuhusu spea, tulikuwa tumekata tamaa mapema mno. L24 ina kipenyo cha silinda milimita 83 na mwendo wa pistoni milimita 73.7, na vipimo hivyo ni vilevile vya L16, injini ya Datsun 1600. Kwa maneno mengine, ni injini ya 1600 iliyoongezwa silinda mbili. Mzee mmoja wa Ujiji aliyezifungua 1600 nyingi enzi zake alikuja, akachungulia, akacheka kwa kumbukumbu, akaanza kutaja sehemu moja moja bila kuuliza. Alifungua kabureta ya mbele akakuta pistoni yake ya ndani imekwama kwa uchafu tu. Aliiosha kwa petroli, akaikausha, ikaanza kupanda na kushuka yenyewe. Pale ndipo nilipomwona mpwa wangu akiiweka simu mfukoni na kuinama karibu.

Nisieleweke kwamba nataka kila kitu kibaki kama kilivyotoka Japani. Breki sibishani nazo: mipira yote mipya, diski za mbele zikaguliwe, na drami za nyuma zifunguliwe. Mikanda ya viti iwe mipya. Matairi ya rimu 14 yanapatikana hapa hapa kwa sababu Toyota ndogo nyingi zinayatumia. Distributa ya pointi, ile inayogawa moto kwenye plagi, nimekubali itoke, iingie ya Datsun 280ZX isiyo na pointi, maana inakaa kwenye tundu lile lile. Ya zamani imefungwa kwenye gazeti, imewekwa kwenye boksi, na juu yake nimeandika kwa kalamu ya wino ilikotoka.

Kuna bati nene chini ya injini ambalo baba mkubwa alilifunga kwa ajili ya mawe ya njia ya Kasulu. Si la kiwandani. Linabaki. Hata zile 240Z za Safari hazikuja kwenye matope yetu zikiwa kama za dukani, zilikingwa chini na kuongezwa taa. Na rangi? Ukifungua mlango, pembeni ya bawaba unaona rangi ya machungwa ya awali chini ya nyekundu aliyoipiga yeye. Wapo watakaosema orijino ni ile ya machungwa. Mimi naiacha nyekundu, kwa sababu ndiyo tuliyoikimbilia, na ile nyingine iko chini yake salama.

Watu wananitajia bei. Januari 2020 iliuzwa Marekani 240Z ya mwaka 1971, ambayo ilikuwa haijaguswaguswa, kwa dola 310,000. Hilo lisimdanganye mtu. Letu lina tundu la redio na kutu, na hata lisingekuwa navyo sina mpango wa kuliuza.

Kutu ndiyo ingetakiwa kutunyima usingizi, kuliko injini. Kigoma tuna ziwa na mvua za miezi mingi, na magari haya yanaoza panapojulikana: chini ya betri, sakafuni, chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu. Fedha iliyotengwa kwa 1JZ, pamoja na usumbufu wa kwenda TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha namba ya injini kwenye kadi, nimesema yote iende kwenye sakafu. Unaweza kuweka nguvu za farasi unazotaka, lakini kiti cha dereva kimekaa juu ya bati linalotoboka kwa kidole.

Kwa hiyo Jumatano waya wa grinda ulichomekwa tena, na safari hii mimi ndiye niliyeshika taa. Fundi alikata bati bovu chini ya kiti, akapima, akakunja jipya kwa umbo la lile la zamani, akachomelea. Kazi safi kabisa, na nilimwambia hivyo. Mstari wa chaki kwenye chuma cha injini bado upo, hajaufuta. Ringi za pistoni zimeagizwa Dar, zinakuja kwa basi. Mpwa wangu amejipa mwenyewe kazi ya kufungua kabureta ya pili.