RAM ya Mia Tano

Kibanda kimoja pale Ngamiani kimebandika karatasi mlangoni, wino bado mbichi: "MPAKATO INAUZWA, RAM 500." Jamani! Hiyo ni kompyuta au ghala la bandari?

Mtu mzima unaingia na heshima zako.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii RAM 500 ni ya wapi?"

"Dubai, mzee wangu."

Unameza mate. Unamwomba muuzaji aiwashe, na umeme, ajabu, upo. Unabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka, unaingia Performance, kisha Memory. GB 4, yaani gigabaiti nne. Hiyo ndiyo RAM. Ile 500 ni diski!

"Si zote memori, mzee?"

Sio! RAM, inayoshika kazi unayoifanya sasa hivi, ni kibao cha kukatia vitunguu, diski ni stoo. Umeme ukikatika, kilicho kibaoni chote kinamwagika, barua hujaihifadhi, kwaheri. Cha stoo kinabaki. Sasa stoo na iwe kubwa kama uwanja wa Mkwakwani, kibao kikiwa kiganja utakata kitunguu kimoja kimoja mpaka Magharibi. Kurasa kumi za intaneti zikifunguka, RAM inajaa, Windows inaanza kukimbilia diskini. Na diski yenyewe ni HDD, ile ya sahani inayozunguka. Ingekuwa SSD, isiyo na kinachozunguka, angalau ingekwenda kasi.

"Basi nikuongezee RAM, mzee." Anavuta droo, anatoa kipande cha RAM ya kizazi cha DDR4. Mashine ni ya DDR3, kizazi cha nyuma yake! Pengo la kile kipande halilingani na kinundu cha ndani ya tundu, limewekwa hivyo makusudi, ili watu kama yeye wasiweze. Anasukuma. Anasukuma tena, ulimi nje, kama anafunga begi la safari. Wewe kijana, utavunja tundu! Hakiingii kwa sababu tundu si lake!

Hapo mteja wa nyuma naye anadakia: "Mbona diski ya 500 inaonyesha 465? GB 35 mmekula?" Kwa hili muuzaji hana kosa, inauma kukiri. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja. Windows inapima kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024. Pishi mbili tofauti, mchele ule ule.

Kijana anatikisa kichwa, kaelewa. Anachukua kalamu, anaenda mlangoni, anaongeza herufi mbili: RAM 500 GB.

Haya. Na wale wanaobeba boksi zima kwa fundi wakisema "nimeleta CPU"? CPU ni kichipu, ubongo wa mashine, kilichojificha chini ya feni, bwana, boksi ni boksi. Na anayekuuzia intaneti ya 20 Mbps, hiyo b ndogo ni biti, na biti nane ndizo baiti moja. Gawa kwa 8, unapata MB 2.5 kwa sekunde, tena siku ikiwa njema. Barua ya kuchapisha nayo ipeleke PDF, faili linalotunza sura ya ukurasa, la sivyo fonti zako, yaani mitindo ya herufi, mchapaji hana, mistari itahama hadi karatasi ya pili, kisha atakutoza zote mbili.

Unatoka nje kichwa kinagonga, unakuta bodaboda kaegesha pikipiki mbele ya baiskeli yako, kaiegemeza kabisa, mwenyewe yuko ng'ambo anakunywa kahawa. Unamwita. Anakunyooshea kikombe, karibu.