Samadi na mbolea ya dukani katika shamba moja la mahindi: faida ipo, lakini si bure

Ukikaa na wakulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hutachelewa kuusikia ubishi huu. Wapo wanaosema mbolea za chumvichumvi, yaani zile za viwandani zinazouzwa dukani, zimeua ardhi: miaka ya mwanzo zilileta mavuno mazuri, sasa mifuko ileile haitoi gunia zilezile. Wapo wanaojibu kwamba samadi ni ya bustani ya mchicha, na kwamba ekari tano za mahindi haziwezi kushibishwa na zizi la ng'ombe watatu. Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Ndiyo maana ushauri wa "changanya zote mbili" unakubalika haraka mkutanoni, halafu shambani hauonekani.

Tuanze na wanaotetea mbolea ya dukani, kwa sababu hesabu iko upande wao. Gunia 20 za mahindi, yaani tani 2, huondoka shambani na takribani kilo 30 za naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani na mmea, katika punje peke yake, kabla ya kuhesabu mabua yaliyoliwa na mifugo au kuchomwa moto. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Samadi nzuri iliyokauka ina karibu asilimia 1, kwa hiyo tani nzima hubeba kilo 10 hivi, na msimu wa kwanza mahindi hupata sehemu tu ya hizo kwa sababu samadi huoza polepole. Ili kufikia mfuko mmoja wa Urea unahitaji tani kadhaa, pamoja na mkokoteni na watu wa kupakia na kumwaga. Na ng'ombe anayechungwa kutwa huacha sehemu kubwa ya kinyesi chake huko malishoni.

Anayemwambia mkulima wa biashara aachane kabisa na mbolea ya viwandani anamwambia akubali kuvuna kidogo. Sri Lanka ilijaribu njia hiyo mwaka 2021 kwa kupiga marufuku uingizaji wa mbolea za kemikali. Mpunga na chai viliumia, na kabla mwaka haujaisha serikali ikaanza kulegeza marufuku yake.

Lakini hesabu ya mfuko haielezi kinachotokea ardhini baada ya miaka kumi au ishirini. Kabete, pembezoni mwa Nairobi, watafiti wa kilimo walianzisha jaribio la muda mrefu mwaka 1976. Vipande vya shamba vilipandwa mahindi na maharage mwaka baada ya mwaka, vingine kwa mbolea ya viwandani pekee, vingine kwa samadi, vingine kwa zote mbili. Vilivyopewa mbolea ya viwandani pekee vilianza vizuri, kisha mavuno yakawa yanashuka. Mchanganyiko ndio uliobaki juu. Na hata huko kwenye mchanganyiko, kiasi cha mboji katika udongo, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza, kiliendelea kupungua, ila kwa kasi ndogo. Jambo hili la mwisho halisemwi vya kutosha: samadi inapunguza kasi ya uchovu wa ardhi, lakini shamba linalolimwa mfululizo na kunyang'anywa mabua yote haliponi kwa samadi peke yake.

Sababu zake zinaeleweka. Mbolea za dukani kama SA na Urea, zenye naitrojeni, na DAP, yenye naitrojeni na fosforasi, huongeza tindikali katika udongo kadiri miaka inavyokwenda. Kipimo cha pH, kinachoonyesha tindikali (kikishuka, tindikali imezidi), kikifika chini ya 5.5, alumini iliyomo ardhini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi uliyoinunua kwenye DAP hung'ang'aniwa na udongo, mmea usiifikie. Hapo ndipo unaona mche una majani ya zambarau, dalili ya kukosa fosforasi, ilhali mbolea ya kupandia iliwekwa. Tiba kuu ya tindikali ni chokaa. Samadi husaidia kwa kuishika ile alumini, na zaidi ya hapo hutunza unyevu na kuzuia virutubisho visisombwe na mvua. Kwenye udongo wa kichanga uliochoka, kama mashamba yaliyo mbali na nyumba huko Murewa, Zimbabwe, ilionekana kwamba mbolea ya viwandani haikuleta ongezeko la maana mpaka ardhi ilipopewa samadi kwa misimu kadhaa.

Kwa hiyo naegemea kwa wanaochanganya, kwa sharti moja: samadi iwe samadi kweli. Nyingi inayopelekwa shambani imekwisha nguvu. Imelala wazi zizini, jua likaikausha juu, mvua ikaisuuza chini. Ile harufu kali inayochoma pua ukifukua lundo ni naitrojeni inayopotea hewani. Samadi mbichi nayo ina hasara yake: ikiwa imejaa mabua na nyasi, vijidudu vinavyoiozesha hunyonya naitrojeni ya udongo kwanza, na mahindi huanza kuwa ya njano kwenye majani ya chini, njano inayoingia kupitia katikati ya jani. Lundo lililofunikwa kwa majani ya migomba, kivulini, likageuzwa mara kadhaa mpaka likapoa, lina thamani kuliko malundo mawili yaliyoachwa wazi.

Kuhusu kiasi, gramu 200 kwa kila shimo, kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, hufika tani tatu na nusu hivi kwa ekari. Mwenye pungufu asiitawanye ekari zote ikawa kama hakuweka kitu. Aijaze ekari moja iliyochoka kuliko zote, mwaka unaofuata ahamie nyingine. Mbolea ya kukuzia asiipunguze msimu wa kwanza.

Serikali zimeanza kuliona hili, japo nusunusu. Azimio la Abuja la viongozi wa Afrika kuhusu mbolea, la mwaka 2006, lililenga kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Lile la Nairobi la Mei 2024 limetaja afya ya udongo na mbolea za asili waziwazi. Tanzania, bei ya mfuko ilipopita shilingi 100,000, ilizindua ruzuku ya mbolea mwaka 2022, na iliwaokoa wengi. Ila mkulima anayetengeneza mboji nyumbani kwake hapati chochote kwa jasho lake. Ruzuku ingeweza kugusa upimaji wa udongo, hata mkokoteni wa kikundi.

Na bado kuna anayeachwa nje kabisa: aliyekodi ekari mbili kwa msimu mmoja. Yeye akinunua Urea, faida anaipata mwenyewe miezi michache baadaye. Akibeba tani za samadi, sehemu kubwa ya faida itatoka msimu ujao, shamba likiwa limerudi kwa mwenyewe au limekodishwa kwa mwingine. Huwezi kumlaumu anaponunua mfuko tu. Palipo na mkataba wa miaka mitatu, ulioandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, hesabu yake inabadilika, na mwenye shamba naye anarudishiwa ardhi iliyo bora kuliko aliyoitoa.